Uza Mifugo na Wenzako, Lakini Kila Mmoja Aone Pesa

Ukiuza ng'ombe mmoja, peke yako, wiki ambayo watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, bei huipangi wewe. Inapangwa na mtu anayejua kwamba huwezi kurudi na huyo ng'ombe bomani. Kila mfugaji analijua hilo, na kila broka analijua vizuri zaidi.

Kwa kawaida hapa huwa tunawaandikia kuhusu kulinda PIN, kuepuka matapeli na kupanga bajeti. Leo tunaingia sokoni, kwenye soko la mifugo. Sababu ni rahisi: wateja wetu wengi ni wafugaji, na wengine hata kama hawajioni hivyo, bado wamo. Kuna mama mwenye mbuzi kule Marsabit. Kuna kijana anayefanya kazi ofisini Nairobi na ana ng'ombe watano kwa kaka yake Kajiado, kila mwezi anatuma pesa ya dawa na chumvi. Kuna mwenye bucha Kitengela anayelipa kichinjio kila asubuhi kabla jua halijatoka. Hawa wote wako kwenye biashara moja ya nyama nyekundu, na pesa zao nyingi zinapita kwenye simu.

Maoni yetu ni haya. Mfugaji mdogo wa Kenya hatapata bei ya haki akiwa peke yake. Anahitaji chama cha wafugaji wenzake, kiwe ni ushirika, ni kikundi kilichosajiliwa au ni chama cha kusimamia soko. Lakini chama ambacho mwanachama haoni pesa zake zikiingia na kutoka ni hatari kuliko kuuza peke yako. Kwa hivyo tunasema jiunge, ila jiunge macho yakiwa wazi.

Bei inavyopangwa leo

Katika masoko mengi ya mifugo hapa nchini, mnyama anauzwa kwa macho. Mnunuzi anamzunguka, anamshika mgongoni, anaangalia meno, kisha anataja bei. Mizani haipo, au ipo na haitumiki. Mnunuzi amefanya kazi hii kila wiki kwa miaka mingi, na akimtazama ng'ombe anajua takriban kilo ngapi za nyama zitatundikwa kichinjioni. Mfugaji naye anauza labda mara tatu au nne kwa mwaka. Mmoja ana uzoefu wa kukadiria, mwingine anabahatisha.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dume lako lina kilo 300 likiwa hai, na bei siku hiyo ni shilingi 200 kwa kilo. Thamani yake ni shilingi 60,000. Makadirio ya macho yakikosea kwa kilo 30 tu, umepoteza shilingi 6,000, na hakuna aliyekuibia. Hujaona mtu akitia mkono mfukoni mwako. Umeshikana mkono na mnunuzi, mkaagana vizuri, ukaenda kulipa karo.

Halafu kuna habari. Mnunuzi anajua jana ng'ombe wa saizi hiyo aliuzwa pesa ngapi Nairobi. Anajua kama Dagoretti wamejaa au wana upungufu. Wewe uliyetembea na mifugo tangu jana unajua tu kwamba mifugo imechoka, imepungua uzito njiani, na giza likiingia hakuna mahali salama pa kulala nayo.

Tusimseme broka vibaya bure, lakini. Katika masoko ya kaskazini, dalali ana kazi ya maana sana. Yeye ndiye anayemjua muuzaji na ukoo wake, na ndiye anayemhakikishia mnunuzi kwamba ng'ombe huyu si wa wizi. Mnunuzi aliyetoka Nairobi na lori hawezi kuthubutu kununua kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo dalali analipwa kwa uaminifu wake, na hilo ni halali yake.

Shida ni kwamba bei mara nyingi inabaki siri ya watu wawili watatu. Katika biashara ya mifugo ya Wasomali kuna desturi ya zamani ya kupatana bei kwa ishara za vidole, mikono ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, ili waliosimama karibu wasijue. Desturi hiyo ina sababu zake, na wenye biashara wanaiheshimu. Lakini mfugaji aliyesimama pembeni akisubiri zamu yake hajifunzi chochote kuhusu bei ya siku. Chama kizuri cha wafugaji kinaweza kufanya kazi ileile ya kuhakikisha mnyama si wa wizi, na bei ikajulikana na kila mtu.

Maziwa yalijipanga, nyama ikabaki nyuma

Kama unadhani vyama vya wafugaji ni ndoto, angalia upande wa maziwa. Ushirika wa wafugaji wa Githunguri, kaunti ya Kiambu, ulianza mwaka wa 1961. Leo watu wengi Nairobi wanaujua kupitia pakiti za Fresha, pengine bila kujua kwamba kiwanda kile ni mali ya wafugaji wenyewe. Wafugaji wa ng'ombe wawili watatu, kila mmoja na debe lake, walifika mahali ambapo mmoja wao peke yake asingefika kamwe.

Kwa nini wafugaji wa nyama hawakufika huko? Tukiwaza vizuri, jibu liko kwenye namna pesa inavyotembea. Maziwa yanatoka kila siku. Kila asubuhi yanapimwa, kilo zinaandikwa kwenye kitabu, na mwisho wa mwezi mfugaji analipwa. Ndani ya mwaka mmoja, mfugaji na ushirika wake wamekutana mamia ya mara mbele ya mizani. Mtu akikupunja leo utajua kesho, na utasema. Imani inajengwa kidogo kidogo, kwa rekodi.

Dume la nyama ni hadithi nyingine. Unamlisha miaka mitatu au minne, unamuuza siku moja, unalipwa papo hapo na mnaachana. Hakuna mizani, hakuna kitabu, na mnunuzi wa leo huenda usimwone tena. Ongeza kwamba mifugo yenyewe inahama kufuata malisho, na kwamba ng'ombe si bidhaa tu. Ni akiba, ni mahari, ni heshima ya mtu. Watu hawamuuzi kwa mpango, wanamuuza shida ikibisha hodi. Ushirika hauwezi kumpa mnunuzi ahadi ya ng'ombe 50 kila mwezi kama kila mwanachama anasubiri shida yake.

Serikali nayo ilijaribu kuziba pengo hilo. KMC, kiwanda cha nyama cha serikali kilichoko Athi River, kilianzishwa mwaka wa 1950. Baadaye kilidorora na kufungwa, kikafunguliwa tena mwaka wa 2006, na mwaka wa 2020 kikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Kwa miaka mingi wafugaji walilalamika kuhusu malipo kuchelewa. Kiwanda kikubwa ni kitu kizuri, lakini kiwanda hakiwezi kuchukua nafasi ya wafugaji waliojipanga. Mwenye mbuzi watatu hawezi kupeleka Athi River mbuzi watatu.

Chama kinafanya nini hasa?

Tukisema chama cha wafugaji, watu wengine wanafikiria mikutano, soda na hotuba. Hebu tuangalie kazi zenyewe.

Kwanza, kusimamia soko. Katika kaunti kadhaa za wafugaji kuna vyama vya masoko ya mifugo, ambavyo vina wafugaji na wafanyabiashara ndani yake. Juu yao kuna Baraza la Mifugo la kitaifa, KLMC, lililoanzishwa mwaka wa 2000 kuunganisha wafugaji na wafanyabiashara wa maeneo kame. Masoko kama Merille kule Marsabit na Oldonyiro kule Isiolo yameendeshwa kwa mpango wa ushirikiano: kaunti na chama cha soko wanasimamia uwanja pamoja, na ushuru unaokusanywa unagawanywa. Sehemu ya chama inarekebisha ua, choo, sehemu ya kupakilia mifugo, na wakati mwingine inasaidia karo ya watoto wa pale. Soko likiwa karibu na lina siku maalumu, wanunuzi wengi wanakuja kwa wakati mmoja. Wanunuzi wakiwa wengi, mfugaji ana wa kumwambia "hapana, asante."

Pili, usafiri. Mtu wa mbuzi sita hawezi kukodi lori. Watu kumi wenye mbuzi sita kila mmoja wana mbuzi 60, na hapo mazungumzo na mwenye lori yanawezekana. Wakifika na mbuzi 60, mwenye kichinjio naye anawasikiliza, maana amepunguziwa kazi ya kuzunguka.

Tatu, afya ya mifugo. Mnunuzi mkubwa anaogopa magonjwa kuliko anavyoogopa bei. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006, na Garissa ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, biashara ya mifugo ilisimama. Watu walikufa, mifugo ikafa, na hata aliyekuwa na mifugo mizima hakuweza kuiuza. Nyama yetu ya mbuzi na kondoo inaenda hadi nchi za Ghuba, na soko kama hilo linaweza kufungwa kwa siku moja. Chama kinaweza kuitisha chanjo ya pamoja, kutunza rekodi za chanjo, na kuwasaidia wanachama kupata kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa daktari wa mifugo. Mfugaji mmoja mmoja atasema "nitachanja mwezi ujao," halafu mwezi unapita.

Nne, kuwa na sauti. Ushuru mpya ukipangwa kaunti, au karantini ikiwekwa bila watu kuambiwa, nani ataenda kuongea? Mfugaji mmoja akienda ofisini anaambiwa arudi Jumatatu. Chama cha watu 300 kinaalikwa kikaoni.

Kuna nchi ambazo jambo hili limefika mbali. Australia, kila ng'ombe wa malisho akiuzwa, zinakatwa dola 5 za huko. Pesa hizo zinagharamia kutangaza nyama, utafiti, na kulinda mifugo dhidi ya magonjwa. Sehemu kubwa inapitia shirika la Meat & Livestock Australia, lililoanza mwaka wa 1998. Serikali inaongezea pesa upande wa utafiti. Kwa ng'ombe mmoja, dola 5 ni kidogo. Kwa mamilioni ya ng'ombe, ni pesa za kubadilisha sekta nzima. Na wanaolipa wana haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka, na wanapewa ripoti ya pesa zilivyotumika.

Hatusemi tuige Australia kesho asubuhi. Mashamba yao na yetu si sawa. Tunachotaka uone ni kwamba makato madogo kwa kila kichwa cha mnyama yanaweza kufanya kazi kubwa, bora mlipaji aone hesabu.

Mahali ambapo vyama vinakufa

Sasa tuje kwa upande tunaoujua sisi vizuri, yaani pesa.

Tufanye hesabu nyingine ya mfano. Soko lina mifugo 300 inayouzwa kwa siku. Ushuru ni shilingi 50 kwa kila kichwa. Hiyo ni shilingi 15,000 kwa siku ya soko. Kama chama kinapata nusu, ni shilingi 7,500. Soko likifanyika mara nne kwa mwezi, ni shilingi 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Si pesa ndogo. Ni mizani, ni paa la kivuli, ni dawa za chanjo.

Sasa jiulize, pesa hizo ziko wapi? Mara nyingi jibu ni hili: "Ziko kwa mweka hazina." Kwa simu yake. Kwenye laini yake ya kawaida, ileile anayopokelea pesa kutoka kwa mtoto wake na kununulia unga.

Mweka hazina huyo huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Hilo halibadilishi kitu. Simu ikipotea, pesa za chama zimepotelea ndani. Akifariki, familia inakuta pesa kwenye laini ya marehemu na haijui ni za nani, na chama kinaanza kugombana na mjane. Akiwa na deni la mkopo wa simu, pesa ikiingia inaweza kukatwa kulipa mkopo wake. Akikopa kidogo "atarudisha wiki ijayo," hakuna anayejua mpaka siku ya kununua mizani ifike. Halafu chama kinavunjika, na watu wanasema, "Si tuliwaambia, vikundi ni vya kuibiana." Wanarudi kuuza peke yao kwa bei ya kutupa, na miaka kumi inapita kabla mtu hajathubutu kuwaita tena kwenye mkutano.

Hiyo ndiyo hasara kubwa. Pesa zilizopotea zinaweza kuwa 40,000, lakini imani iliyopotea hairudishwi kwa mchango.

Tukiangalia kwa nini ushirika wa maziwa ulisimama, tunaona jibu la upande wa nyama pia. Kilichowajengea imani ni kipimo, maandishi na malipo yanayoonekana. Zamani, kutunza rekodi za watu walio mbali mbali, wanaohama na mifugo, ilikuwa kazi ngumu. Leo, kwa sababu karibu kila mwanachama ana simu hata kama ni kabambe, inawezekana. Dume likiuzwa mara moja kwa miaka mitatu, ujumbe wa malipo unabaki. Tarehe ipo, kiasi kipo, aliyelipa yupo.

Maswali ya kuuliza kabla hujajiunga

Ukialikwa kwenye chama cha wafugaji, au kama tayari uko ndani, uliza haya. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

1. *Pesa zinaingia kwa jina la nani?* Chama kiwe na akaunti au till yenye jina la chama, si jina la mtu. Ili kupata hiyo, chama lazima kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi. Watu kumi mnao.

2. *Nani anaidhinisha pesa kutoka?* Wawe watu zaidi ya mmoja, na wasiwe wa nyumba moja. Mwenyekiti akiwa mume na mweka hazina akiwa mkewe, hapo idhini ni moja tu.

3. *Nikiuza kupitia chama, ninalipwa kwa laini yangu?* Pesa ya mnyama wako ije kwako, kwenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hili tunawasisitizia kina mama hasa. Wanawake wengi ndio wanaolisha na kukamua mbuzi, lakini malipo yanaingia kwa simu ya mtu mwingine. Kama mbuzi ni wako, laini iwe yako.

4. *Makato ni ngapi, na ya nini?* Yajulikane kabla ya kuuza. "Shilingi 100 kwa kila mbuzi, 60 ya lori na 40 ya chama" ni jibu. "Tutaona" si jibu.

5. *Hesabu zinasomwa lini?* Si kila mwanachama anajua kusoma, na si kila mmoja ana simu ya kufungua programu. Taarifa ya akaunti isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Aliyepotea wiki mbili malishoni apate kusikia akirudi.

6. *Mnyama anaandikwa vipi?* Jina la mwenyewe, alama ya chapa, uzito kama mizani ipo, bei, na tarehe. Daftari la shilingi 50 linatosha. Daftari na ujumbe wa malipo vikikubaliana, hakuna ugomvi.

Kiongozi mzuri hatakasirika ukiuliza haya. Kwa kweli atashukuru, kwa sababu maswali haya yanamlinda na yeye. Mweka hazina ambaye hesabu zake zinasomwa kila mwezi hasingiziwi.

Siku ya soko, simu yako mkononi

Hata chama kikiwa sawa, siku ya soko ina vishawishi vyake. Kumbuka mambo machache.

Usimkabidhi mtu mnyama kwa kuangalia ujumbe tu. Matapeli wanatuma SMS iliyoandikwa kama ya malipo, na kwenye kelele za soko ni rahisi kudanganyika. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Salio likiongezeka, ndipo kamba ya ng'ombe inabadilisha mkono.

Usimpe mtu simu yako "akusaidie kusoma." Chama kiteue mtu mmoja anayeaminika wa kuwasomea wazee, naye asome tu, PIN asiijue. Wafanyakazi wetu hawatakuuliza PIN, na mtu akikuuliza akidai ametumwa na sisi, huyo ni tapeli.

Mtu akikupigia dakika kumi baada ya malipo akisema "nimetuma kwa makosa, nirudishie," usitume chochote. Mwambie apitie huduma kwa wateja. Na wewe ukiwa na shaka, tupigie kabla hujabonyeza.

Angalia viwango. Muamala mmoja wa simu una kikomo cha shilingi 250,000. Kwa mbuzi hilo si tatizo. Kwa lori la ng'ombe, mnunuzi atahitaji kulipa kwa awamu au kupitia benki, na mpange hivyo mapema, si jua likiwa linazama. Mkubaliane pia nani analipia gharama ya kutuma na ya kutoa.

Simu haitatui kila kitu

Tungekuwa tunawadanganya tukisema malipo ya simu ndiyo dawa. Kwa ground, mambo yana ugumu wake. Kuna malisho ambayo mtandao haufiki kabisa. Kuna siku za soko ambapo wakala ameishiwa na pesa taslimu saa nne asubuhi, na mfugaji aliyelipwa shilingi 45,000 kwa simu hawezi kutoa hata 5,000 ya kununua chakula. Chama kinaweza kupunguza shida hii kwa kuongea na mawakala siku mbili kabla, kuwaambia soko litakuwa kubwa kiasi gani. Lakini hakiwezi kuimaliza, na sisi kampuni za malipo tuna kazi ya kufanya hapo.

Pia rekodi nzuri haileti mvua, wala haizuii wizi wa mifugo, wala haitengenezi barabara. Chama chenye hesabu safi lakini hakina mnunuzi, bado kina kazi. Tunachosema ni kwamba bila hesabu safi, chama hakitadumu muda wa kutosha kutafuta mnunuzi.

Ukame hausubiri mkutano

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na huko ndiko mifugo mingi ya nyama inatoka. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Kila aliyeishi kipindi hicho anajua ilivyokuwa. Ng'ombe aliyekuwa na thamani ya 50,000 aliuzwa kwa pesa kidogo mno, kisha ikafika siku hakuna mnunuzi hata wa bure.

Wakati kama huo ndio chama kinaonekana kazi yake. Kinaweza kuwaambia wanachama mapema, "Tuuze theluthi moja sasa, wakiwa bado na nyama," na watu wakasikia kwa sababu wanakiamini. Mwaka wa 2021 serikali ilinunua mifugo kwa wafugaji wa maeneo ya ukame kupitia KMC. Mpango kama huo unahitaji orodha: nani ana mifugo mingapi, iko wapi, na alipwe kwa nambari gani. Wenye orodha tayari hawaanzi kutafutana dakika ya mwisho.

Bima nayo ni hivyohivyo. Tangu Januari 2010, kuanzia Marsabit, kumekuwa na bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kupima ukijani wa malisho. Wengi hawaielewi na wanaishia kulalamika, "Ng'ombe wangu amekufa na sijalipwa." Bima hii haimhesabu ng'ombe wako mmoja. Inaangalia malisho ya eneo zima, na yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, waliokata bima eneo hilo wanalipwa. Lengo ni ununue lishe na maji mapema, mnyama asife. Chama ndicho mahali pazuri pa kuelezana haya kabla ya kulipa, na kuuliza mkataba unasema nini.

Anza na jambo moja

Hatutaki usome haya, useme "ni kweli," kisha uendelee kama jana. Kama uko kwenye chama, mkutano ujao omba taarifa ya akaunti ya miezi mitatu iliyopita isomwe mbele ya watu. Kama pesa ziko kwenye laini ya mtu, pendekeza zihamishwe kwenye akaunti yenye jina la chama, na msaidieni huyo mtu kuhama bila kumshuku. Kama huna chama, tafuta majirani tisa mnaouza kwenye soko moja.

Na wewe uliye mjini mwenye ng'ombe kwa kaka yako, hujaachwa nje. Mwulize kaka yako chama chao kinaitwaje, na kama ng'ombe wako ameandikwa kwenye daftari kwa jina lako.

Ukihitaji kufungua akaunti ya kikundi, fika kwa wakala wetu aliye karibu na vyeti vya usajili pamoja na vitambulisho vya watakaoidhinisha malipo. Nendeni wote kwa pamoja, msimtume mmoja.